Utando Wenye Wenyewe

Nilikwenda Kigamboni kuulizia habari za visima, nikarudi na habari za buibui. Nimesimama barazani kwa mwalimu mmoja mstaafu, utando ukaninasa usoni. Nikainua mkono nipanguse na ule wa juu. Akaniwahi.

"Taratibu, mwanangu. Huo una wenyewe."

Wenyewe ni chozi, wale ndege wadogo wenye mdomo uliopinda kama shazia. Akanivutia kigoda, tukangoja. Haukupita muda jike akaja, rangi ya majivu, hana mng'aro wa dume. Akapigapiga mbawa akielea mahali pamoja chini ya boriti, akachomoa uzi mmoja wa utando kwa ncha ya mdomo, akaruka nao hadi kwenye mlimau. Kiota kilikuwa kikining'inia pale mithili ya soksi ya mtoto mchanga: majani makavu na vipande vya magome, vyote vimefungwa kwa nyuzi za buibui. Mlango ubavuni, na juu yake kibaraza cha kukinga mvua. Ndani ametandika sufi. Sufi ile Mwalimu aliitoa kwenye mto mkuukuu, akaitundika kwenye kamba ya nguo, ikachukuliwa kidogo kidogo.

"Watu huniuliza nawawekea chakula gani. Siwawekei, nawapandia," alisema, akinionyesha mishubiri iliyochanua kando ya ua. "Lakini maji matamu ya maua hayamkuzi kinda. Kinda analishwa wadudu, na hao hao buibui. Ukipuliza dawa bustanini, umemnyima mtoto chakula."

Takataka zake Mwalimu anazifunika. Kunguru weusi wenye shingo ya kijivu, waliotoka Bara Hindi wakaletwa Unguja miaka ya 1890, hula mayai na makinda, na makombo ndiyo yanayowaita. Msimu uliopita kiota kimoja kilikutwa kimechanwa, sufi imetapakaa chini. Mwalimu hakumwona aliyefanya hivyo, ila kunguru anamshuku hadi leo.

Nyumba za kulia na kushoto zimesakafiwa vitofali vya saruji kuanzia getini hadi jikoni, na dari zake hazina hata uzi. Chozi wa kule wanafungia viota vyao kwa kitu gani?

"Wanangu nao wanataka tusakafie, wapate pa kuegesha gari," alisema Mwalimu. "Wamenipa mpaka Idi niwajibu."

Jike alikuwa amerudi barazani tena, chini ya boriti, anavuta uzi mwingine.