Meza mbili nyuma ya duka, na picha niliyochelewa kuifuta

Wengi mmeniuliza inboksi zile meza mbili za nyuma ya duka ziliishia wapi, maana mlizoea kuziona stetasi halafu ghafla kimya. Leo naeleza yote, hata pale nilipoharibu.

Wazo lilitoka Dar. Nilikwenda Kariakoo kufuata mzigo wa mikoba, jioni binamu yangu akanipeleka Level 8, ile baa iliyo juu ya hoteli ya Hyatt Regency Kilimanjaro. Ukiwa juu unaiona bandari. Taa hafifu, muziki wa chini, watu wamekaa wawili wawili. Niliagiza glasi moja tu nikaishikilia muda mrefu, bei mnaijua wenyewe. Ila kazi yangu siku hiyo ilikuwa kuangalia wateja, na kiukweli sikuona mtu aliyefuata kiu. Watu walikuja kuongea bila kupiga kelele, na bila shangazi kupita.

Sasa njoo Ifakara. Ukitaka kumtoa mtu wako jioni unampeleka wapi? Baa nyingi spika iko mlangoni, na mpunga ukishavunwa pesa ikaingia mjini ndo kelele zinazidi. Mji wenyewe mdogo. Ukikaa Kibaoni na mtu dakika kumi, ukifika nyumbani wameshajua mlikunywa nini.

Mimi nilikuwa na ua nyuma ya duka, mwembe mmoja na ukuta. Nikaweka meza mbili.

Kinywaji nilichagua dawa. Sio ya hospitali. Ni kokteli iliyopata jina pale Carnivore, Nairobi, mgahawa uliofunguliwa mwaka 1980: vodka, ndimu, sukari, barafu, na kijiti kilichochovywa kwenye asali unachokorogea mwenyewe. Ni ndugu wa caipirinha ya Wabrazili, huku ikaongezwa asali. Kile kijiti ndo kilinivutia. Mtu akiwa na aibu anapata kitu cha kushika, na kadiri anavyokoroga ndivyo utamu unavyoongezeka.

Mimi vodka sikuweka. Leseni ya vileo ni tofauti na leseni ya duka, inaombwa halmashauri kivyake, na mtaji wangu ulikuwa haufiki huko. Msijaribu kuuza pombe kwa leseni ya mikoba jamani. Badala yake niliweka soda ya tangawizi.

Hesabu ya glasi moja: soda 800, ndimu 100, asali 300, barafu 200, kijiti na tishu 100. Jumla 1,500. Meza ya watu wawili niliuza 12,000, ndani yake glasi mbili na sahani ya mishikaki na ndizi ninayoinunua kwa jirani 4,000. Kwa hiyo gharama 7,000, inabaki 5,000. Jumamosi nilikuwa na zamu mbili, saa 12 na nusu hadi saa 2, na saa 2 na nusu hadi saa 4. Meza mbili zikijaa zamu zote ni 20,000, natoa 5,000 ya binti anayenisaidia na ya dawa ya mbu. Mbu wa bonde hili mnawajua, mpaka watafiti wanakuja kuwasoma. Bila moshi wa kufukuza mbu chini ya meza hakuna mapenzi.

Oda zote zilikuja WhatsApp, malipo kabla. Wiki sita meza zilijaa. Hapo ndo nikajiona mjanja.

Jumamosi ya saba walikuja kijana na dada mmoja, wamependeza. Taa ya mshumaa, glasi mbili, mkono juu ya mkono. Nikapiga picha kwa nyuma, nikaiweka stetasi: "Wapendanao wetu wa leo." Si ndo tulivyofundishana humu, posti wateja wako watu waone unauza? Uso haukuonekana. Nikajua niko salama.

Kumbe gauni lilionekana. Mjomba wake ni mteja wangu wa mikoba, ananunulia mkewe, namba yangu anayo. Barafu haijayeyuka simu yake ikaita. Yule kijana alikuwa bado hajajulishwa nyumbani, walikuwa wanapanga kupeleka barua baada ya mavuno. Dada alinyanyuka analia, akaniambia neno moja tu: "Dada, nilikuamini." Kijana alilipa boda akaondoka bila kunitazama.

Nilifuta. Ilikuwa imeshaangaliwa na watu 83.

Jumamosi tatu zilizofuata sikupata hata oda moja. Hakuna aliyenitukana, watu waliacha tu kuandika. Wanawake wawili waliacha hata kununua mikoba.

Tangu 2023 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi nchi hii, lakini sikuhitaji sheria kuniambia nimekosea. Nilikuwa nauza faragha, halafu nikaitoa bure kwa watu 83 ili nionekane nauza.

Na usidhani hili ni la wenye meza tu. Wewe unayeposti skrini ya muamala jina la mteja likisomeka, unayepiga picha kifurushi na namba ya simu juu yake, unayeandika "asante dada fulani kwa oda ya nguo za ndani", tuko kundi moja. Ushahidi wa mauzo unaweza kupiga picha ya mzigo peke yake. Ukitaka sura ya mtu, muombe kwa maandishi, na akikaa kimya hesabu amekataa.

Kwangu sasa simu yangu na ya binti zinaingia kwenye kikapu zamu ikianza. Naposti glasi, kijiti na ndimu kabla wageni hawajafika. Oda zinaandikwa kwa jina lolote mteja analotaka. Nilimwandikia yule dada kuomba radhi na kumrudishia 12,000 yao. Pesa alipokea, ujumbe hakujibu.

Wiki mbili zilizopita iliingia oda kwa jina la "Ndimu Mbili". Nilipofungua geti dogo alikuwa ni yeye, na kijana ni yule yule. Sikuuliza ya mjomba. Niliwapa meza ya ukutani.

Jumamosi hii zamu ya kwanza imejaa, ya saa 2 na nusu imebaki meza moja.