Moyo Unapopapatika: Hatari ya Damu Kuganda kwa Wagonjwa wa Kitale na Bungoma

Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, moyo hupapatika kwa hofu, kwa mahaba au kwa habari ya ghafla. Hata hivyo, upo mpapatiko mwingine usiotokana na hisia bali na ugonjwa, nao ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya kiharusi. Makala hii inakusudia kufafanua jinsi ugonjwa huo unavyoathiri kazi ya moyo, kwa nini damu huganda ndani yake, na mambo yanayomkabili mgonjwa aishiye Kitale au Bungoma.

Moyo una vyumba vinne: viwili vya juu vipokeavyo damu na viwili vya chini viisukumavyo. Moyo ukiwa na afya, umeme mdogo huanzia katika chumba cha juu cha kulia na kuvifanya vyumba vya juu vijikamue kwa pamoja, kisha vya chini hufuata. Katika ugonjwa huu, umeme huzuka ovyo katika vyumba vya juu, zaidi ya mara 350 kwa dakika. Vyumba hivyo hutetemeka tu, havijikamui. Vya chini navyo hupiga bila utaratibu, aghalabu kwa kasi. Ndiyo maana mgonjwa huchoka upesi na kukosa pumzi apandapo kilima, ingawa wapo wasiohisi lolote.

Hatari kubwa zaidi imo katika kutuama kwa damu. Damu isiyosukumwa huelekea kuganda, hasa katika kijifuko kilicho kando ya chumba cha juu cha kushoto. Bonge likichomoka humo huingia katika mshipa mkuu na laweza kuziba mshipa wa ubongo. Utafiti wa Framingham nchini Marekani, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1978, ulionyesha kwamba mpapatiko huu huongeza hatari ya kiharusi zaidi ya mara 5. Na kwa wale ambao vali zao zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi, takribani mara 17.

Takwimu hiyo ya pili inatuhusu sana. Katika nchi tajiri, ugonjwa huu huwapata hasa wazee. Magharibi mwa Kenya, mbali na shinikizo la damu, homa ya baridi yabisi itokanayo na maambukizi ya koo yasiyotibiwa utotoni ingali ikiharibu vali za moyo za vijana. Mgonjwa aweza kuwa mama mwenye watoto wadogo.

Warfarini hupunguza hatari ya kiharusi kwa takribani theluthi mbili. Aspirini haitoshi kuchukua nafasi yake. Lakini dawa hii hudai uangalifu. Kipimo cha damu kiitwacho INR hutakiwa kwa kawaida kuwa kati ya 2 na 3: kikishuka, damu huganda; kikipanda, mgonjwa aweza kuvuja damu. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, ilianzisha kliniki maalumu ya huduma hii, lakini kutoka Kitale ni safari ya kilomita zipatazo 70, na kutoka Bungoma ni mbali zaidi. Zipo dawa mpya zisizohitaji kipimo hicho. Hata hivyo, utafiti uitwao INVICTUS, uliochapishwa mwaka 2022 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye madhara ya homa ya baridi yabisi, ulionyesha kwamba waliotumia dawa za jamii ya warfarini walifariki wachache kuliko waliotumia rivaroksabani.

Chakula nacho kina nafasi yake. Sukuma wiki, kunde na mnavu zina vitamini K kwa wingi, ambayo hupunguza nguvu ya warfarini. Mgonjwa hakatazwi mboga. Atakiwa kula kiasi kisichobadilikabadilika, iwe masika au kiangazi. Aidha, mwanamke anayetarajia kushika mimba hana budi kumwona daktari mapema, kwani dawa hii yaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili tunapohusika. Mgonjwa akiambiwa kwamba dawa hii "hupunguza damu", huenda akaiacha kwa kuhofia kuishiwa na damu. Aelezwe wazi kwamba damu yake haipungui, bali huzuiwa isigande. Vilevile, mzazi aelezwe kwamba koo la mtoto likiuma pamoja na homa, apelekwe zahanati. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.