Vioo vya Gari Vinavyopanda kwa Umeme



Gari nyingi zinazoingia kisiwani siku hizi hazina mkono wa kuzungushia kioo. Pana swichi tu, na kioo kikikwama wengi wetu hukimbilia kununua mota mpya. Yafaa basi tujue kilichomo ndani ya mlango.

Kampuni ya Packard ya Marekani ilitoa gari zenye vioo vya namna hii katika mwaka 1940, lakini zile zilitumia nguvu ya mafuta yaliyosukumwa ndani ya mirija. Sasa ni umeme mtupu. Swichi hupeleka umeme wa betri, volti 12, kwenye mota ndogo. Ukibonyeza huku umeme hupita njia moja, ukibonyeza kule hupita kinyume chake, na mota nayo hugeuza mzunguko. Mota huzungusha chuma chenye hesi kama parafujo. Hesi hizo hugeuza gurudumu la meno, nalo huvuta waya wa chuma ulioshika kioo, au huinua vyuma viwili vilivyopishana kama mkasi. Parafujo huweza kuligeuza gurudumu, bali gurudumu haliwezi kuigeuza parafujo. Ndiyo sababu ni taabu kukisukuma kioo chini kwa kiganja.

Vioo vyote vikifa pamoja, tazama fyuzi kwanza. Vikifa vya abiria tu, huenda dereva amebonyeza kifungo cha kuvizuia, na fundi hana kazi hapo. Ukisikia mota inanguruma na kioo hakiendi, mota ni nzima. Kilichokatika ni waya wa kuvutia, na hiyo ni bei nyingine kabisa. Nyaya za umeme nazo hukatika penye bawaba, kwa mlango kufunguliwa na kufungwa kila siku.

Ama jambo kubwa ni watoto. Mota haijui tofauti ya shingo na mpira wa dirisha. Mtoto hutoa kichwa nje, goti lake likakandamiza swichi, kioo kikapanda. Watoto wamekufa hivyo. Zipo gari ambazo kioo kikigusa kitu hurudi chini chenyewe, lakini si zote, na nyingine ni mlango wa dereva tu. Kwa hiyo mwenye watoto garini abonyeze kile kifungo cha kuzuia, na akishuka kupima karafuu asiuache ufunguo ndani, hata kwa dakika mbili.