Eti Mkenya 1 kati ya 4 ana ugonjwa wa akili? Hesabu hii ilitoka hapa

Huenda umeisikia redioni au ukaiona kwenye status ya mtu: Mkenya mmoja kati ya wanne ana ugonjwa wa akili. Yaani kwenye matatu ya abiria 14, watatu au wanne ni wagonjwa. Ni kweli?

Idadi hiyo haikutungwa, ila imehamishwa kutoka mahali pake. Sera ya Afya ya Akili ya Kenya ya 2015 hadi 2030, ikitumia ripoti ya tume ya haki za binadamu, KNCHR, ya mwaka 2011, inasema hadi asilimia 25 ya wagonjwa wanaotibiwa na kurudi nyumbani wana matatizo ya akili. Kwa waliolazwa ni hadi asilimia 40.

Soma tena: wagonjwa. Hawa ni watu ambao tayari wako kwenye foleni ya hospitali. Ni kama kuhesabu wenye malaria nje ya mlango wa maabara, halafu useme hiyo ndiyo hali ya nchi nzima.

Ukitaka kujua hali ya kijijini, lazima uende kijijini. Mwaka 2013 watafiti walifanya hivyo eneo la Maseno, Kaunti ya Kisumu. Waliona watu wazima zaidi ya 1,000 majumbani mwao, waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Hapo kwenye bahati nasibu ndipo penye kazi. Ukiwauliza tu wanaopatikana kirahisi, utawakuta waliobaki nyumbani kwa kuwa hawana kazi au wanaumwa, na picha itapinda.

Maswali yenyewe ni ya kawaida. Wiki iliyopita ulilala vizuri? Unachoka bila sababu? Una wasiwasi usioisha? Unakasirika ovyo? Mhojaji si lazima awe daktari. Majibu hupigiwa hesabu baadaye kuona kama dalili zinafikia kiwango cha ugonjwa.

Jibu lilikuwa asilimia 10.3. Utafiti wa awali katika eneo hilohilo ulipata 10.8. Kwa hiyo ni mtu mmoja kati ya 10, si wanne.

Na wengi tukisikia "ugonjwa wa akili" tunamfikiria yule anayezunguka sokoni akiongea peke yake. Hawa 10 kwa 100 sio hao. Hapa walihesabiwa wenye wasiwasi uliopitiliza na huzuni isiyoondoka, watu wanaoamka na kwenda shambani kama kawaida. Yule wa sokoni huenda hata hakuhesabiwa, maana mhojaji anabisha hodi kwenye nyumba na yeye hana nyumba. Vivyo hivyo aliyelazwa hospitali ya Mathari, au aliye gerezani.

Kuna mtego mwingine: mstari wa kusema "huyu ni mgonjwa" unauchora wapi? Utafiti wa kitaifa wa vijana wa Kenya wa miaka 10 hadi 17, uliotolewa 2022, ulipata kwamba asilimia 44.3 walikuwa na tatizo la afya ya akili katika miezi 12 iliyopita. Waliotimiza vigezo kamili vya ugonjwa walikuwa asilimia 12.2. Utafiti ni mmoja, vijana ni walewale. Unadhani ni namba gani ilienda kwenye vichwa vya habari?

Hii si ishu ya wasomi tu. Chukua kaunti yenye watu wazima 100,000. Kwa mmoja kati ya 10, unapanga wauguzi na dawa kwa watu 10,000. Kwa mmoja kati ya wanne, ni 25,000, na hapo afisa wa bajeti anaweza kuona mzigo haubebeki akaacha kabisa. Na hata hao 10,000 hawahitaji kitu kimoja: kuna anayehitaji dawa, na kuna anayehitaji tu mtu wa kuongea naye kila wiki.

Lakini namba ya Maseno nayo huenda iko chini ya ukweli. Fikiria mgeni mwenye karatasi kaketi sebuleni kwako, mama mkwe yuko jikoni anasikia, halafu unaulizwa kama umewahi kujaribu kujiua. Mwaka 2013 kitendo hicho kilikuwa kosa la jinai Kenya, kifungo hadi miaka 2. Nani angesema ndiyo?

Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kifungu hicho kinakiuka katiba. Kwa hiyo utafiti ujao ukileta namba kubwa zaidi kwenye swali hilo, usikimbilie kusema Wakenya wamezidi kuugua. Huenda ni waliokuwa wakinyamaza, sasa wanajibu.