Swali la maandishi: kalamu ya mbunge inayoinyima wizara usingizi

Kila Jumatano adhuhuri, Bunge linapokuwa vikaoni, televisheni za Uingereza humwonyesha Waziri Mkuu akirushiana maneno na kiongozi wa upinzani. Wabunge huzomea, hucheka na kupiga kelele, na ikifika jioni vipande vya mabishano hayo vimeshaonekana Dar es Salaam, Mombasa na Muscat. Wengi wetu tunaoishi ughaibuni tunaamini kwamba hapo ndipo serikali inapobanwa.

Ukweli ni kwamba katika nusu saa ile serikali hubanwa kidogo sana. Waziri Mkuu mwenye ulimi mwepesi hulikwepa swali kwa mzaha mmoja, na kesho yake watu hukumbuka mzaha huo na kusahau swali lenyewe. Kazi ya kuibana serikali hufanyika kimya kimya, mbali na kamera, kwa njia ya maswali ya maandishi ambayo wabunge huzipelekea wizara kila siku ya kikao. Hakuna wa kuzomea wala wa kupiga makofi. Kuna swali na jibu, na vyote viwili huchapishwa vikabaki hapo milele.

Swali hupitia wapi

Utaratibu wenyewe si mgumu. Mbunge huandika swali na kulipeleka kwa makarani wa Bunge, siku hizi kwa njia ya kompyuta. Makarani hulikagua. Swali linapaswa kuomba taarifa au kuhimiza hatua ichukuliwe, liwe na msingi wa ukweli, na lihusu jambo lililo chini ya mamlaka ya waziri anayeulizwa. Hotuba iliyovikwa alama ya kuuliza hukataliwa.

Maswali haya ni ya aina mbili. La kwanza ni swali la kawaida, ambalo kwa desturi hutarajiwa kujibiwa ndani ya wiki moja ya kazi. La pili ni swali la tarehe maalumu, ambapo mbunge mwenyewe hutaja siku anayotaka jibu, ilimradi ampe waziri notisi isiyopungua siku 3 za vikao. Mbunge haruhusiwi kupeleka zaidi ya maswali 5 ya aina hii kwa siku. Wajumbe wa Baraza la Malodi nao wana haki ya kuuliza kwa maandishi, na hutarajia majibu ndani ya siku 10 za kazi.

Swali likishafika wizarani, hukabidhiwa ofisa anayelijua jambo hilo. Ofisa huandika rasimu, wakubwa wake huipitia, kisha waziri huidhinisha jibu litoke kwa jina lake. Hapa ndipo penye nguvu ya swali la maandishi. Jambo lililokuwa limelala ndani ya faili sasa lazima lisomwe na ofisa, na mkuu wake, na waziri. Wakati mwingine wizara hugundua kosa lake yenyewe pale tu inapotakiwa kuandika jibu.

Desturi ya kuuliza ni ya zamani. Swali la kwanza linalokumbukwa katika historia ya Bunge hilo liliulizwa na Lodi Cowper mwaka 1721, baada ya kuporomoka kwa Kampuni ya South Sea, alipotaka kujua kama mweka hazina wa kampuni hiyo aliyetorokea ng'ambo alikuwa amekamatwa. Majibu ya maandishi yalianza rasmi mwaka 1902, baada ya maswali ya mdomo kuwa mengi kiasi cha kumeza muda wa kikao.

Ujanja wa kukwepa

Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba kila swali hupata jibu la maana. Wizara nazo zina mbinu zake. Mbinu iliyozoeleka ni kusema kwamba taarifa inayoombwa haikusanywi katika mfumo huo. Nyingine ni kusema kwamba taarifa ipo lakini kuipata kutagharimu fedha nyingi kupita kiasi. Serikali imejiwekea kipimo cha pauni 850: gharama ikizidi hapo, wizara inaweza kukataa kujibu. Waziri pia anaweza kumwelekeza mbunge kwenye jibu alilokwisha kulitoa zamani, ambalo nalo likifunguliwa halina kitu.

Ndiyo maana wabunge wazoefu hawaulizi swali moja. Huuliza swali pana kwanza, wakaliacha jibu litoke, kisha wakarudi na la pili linaloanzia pale jibu la kwanza lilipoishia. Waziri akisema hana takwimu za nchi nzima, huulizwa za mkoa mmoja. Akisema jambo linachunguzwa, huulizwa uchunguzi ulianza lini, unaongozwa na nani na utakwisha lini. Haba na haba hujaza kibaba. Kamati ya Bunge inayosimamia taratibu nayo hufuatilia ni wizara zipi zinazochelewesha majibu, na zile zilizozembea zaidi hutakiwa kujieleza.

Hola, 1959

Kwa sisi tuliotoka Afrika Mashariki, nguvu ya kuuliza bila kuchoka ina kumbukumbu chungu. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 wa Mau Mau waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola, nchini Kenya, walipokuwa wakilazimishwa kufanya kazi. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni haikutaja kipigo. Ilidai kwamba wafungwa walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji.

Huko London walikuwako wabunge wachache, akiwemo Barbara Castle na Fenner Brockway wa chama cha Labour, ambao kwa miaka kadhaa walikuwa wakiisumbua Wizara ya Makoloni kwa maswali kuhusu makambi ya Kenya. Kwa sababu hiyo habari ya maji haikupita hivi hivi. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha, na mpaka Juni na Julai mwaka ule Bunge lilikuwa likijadili mauaji hayo waziwazi. Enoch Powell, mbunge wa chama tawala ambaye hakuwa na sifa ya kuwapenda Waafrika, alisimama usiku wa Julai na kuilaumu serikali ya chama chake mwenyewe.

Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, hakung'oka. Wazee waliopigwa nao walisubiri sana: mpaka tarehe 6 Juni 2013 ndipo Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, aliposimama Bungeni, akaeleza masikitiko ya serikali na kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Miaka 54 ni mingi. Lakini uongo wa gari la maji ulikufa mwaka ule ule wa 1959, na ulikufa kwa sababu walikuwepo watu waliokataa kuacha kuuliza.

Meli iliyokuwa ikirudi nyuma

Mfano wa pili ni wa Tam Dalyell, mbunge wa Labour kutoka Scotland. Tarehe 2 Mei 1982, wakati wa vita vya Falklands, nyambizi ya Uingereza iliizamisha meli ya kivita ya Argentina, General Belgrano, na watu 323 wakafa. Bunge liliambiwa kwamba meli hiyo ilikuwa ikizikaribia meli za Uingereza. Dalyell hakuridhika. Aliuliza meli ilionekana lini kwa mara ya kwanza, ilikuwa ikielekea upande gani, na ilibadili mwelekeo saa ngapi. Aliuliza mwaka ule, akauliza mwaka uliofuata, akauliza tena, hata wenzake wakamwona msumbufu.

Ndani ya Wizara ya Ulinzi, ofisa mwandamizi Clive Ponting alikuwa miongoni mwa walioshughulikia majibu hayo. Alijua kwamba meli ilikuwa imegeuka saa nyingi kabla ya kupigwa, na aliona mawaziri wakichagua kutolieleza Bunge ukweli. Mwaka 1984 alimtumia Dalyell nyaraka mbili. Alishtakiwa kwa kuvunja sheria ya siri za serikali, na Februari 1985 baraza la wazee wa mahakama likamwachia huru.

Watu bado hubishana kama meli ile ilistahili kupigwa au la. Lakini jambo moja halina ubishi: bila maswali ya Dalyell, Ponting asingetakiwa kuandika majibu, na asingelazimika kuchagua kati ya waziri wake na dhamiri yake.

Jibu lililogeuka ushahidi

Mfano wa tatu ndio unaofundisha zaidi. Katika vita vya Iran na Iraq, Uingereza ilijiwekea mwongozo wa kuzuia mauzo ya zana za kijeshi kwa pande zote mbili. Mwongozo huo ulitangazwa Bungeni mwaka 1985, na ulitangazwa kwa jibu la maandishi. Vita vilipokoma mwaka 1988, mawaziri watatu wadogo waliulegeza mwongozo huo bila kulitangazia Bunge. Wabunge walipouliza, waliendelea kujibiwa kwamba sera haijabadilika.

Baadaye wakurugenzi wa kampuni ya Matrix Churchill ya Coventry walifikishwa mahakamani kwa kuiuzia Iraq mashine. Kesi ilivunjika Novemba 1992, ilipodhihirika kwamba serikali yenyewe ilikuwa ikijua. Watu hao walikuwa wamebakisha hatua chache kuingia gerezani kwa kosa ambalo wakubwa walilifahamu.

Jaji Richard Scott alipewa kazi ya kuchunguza. Ripoti yake, iliyotoka tarehe 15 Februari 1996, iliyapanga majibu yale ya maandishi moja baada ya jingine, na kuyalinganisha na yale mawaziri waliyokuwa wakiandikiana ofisini. Njia ya mwongo ni fupi, na ikiwa imeandikwa huwa fupi zaidi. Jaji aliona kwamba Bunge lilipewa majibu yasiyotosheleza na yenye kupotosha. Serikali iliponea chupuchupu katika kura Bungeni, 320 kwa 319, na hakuna waziri aliyejiuzulu.

Ila jambo halikuishia hapo. Machi 1997 Bunge lilipitisha azimio kwamba mawaziri wanawajibika kutoa taarifa sahihi na za kweli, wakikosea wasahihishe mapema iwezekanavyo, na anayelipotosha Bunge kwa kujua anatarajiwa kujiuzulu. Azimio hilo liliingia katika mwongozo wa maadili ya mawaziri.

Nyumbani na ughaibuni

Waliozoea vikao vya Dodoma wanaujua utaratibu wa huko: mbunge hupeleka swali lake mapema kwa maandishi, kisha waziri au naibu wake husimama ukumbini na kulijibu "kama ifuatavyo", na maswali ya nyongeza yakafuata. Jibu la kwamba barabara au zahanati itajengwa kadiri fedha zitakavyopatikana tumelisikia mara nyingi. Nchini Kenya, tangu Katiba ya mwaka 2010 mawaziri si wabunge, hivyo njia ya kuwahoji ilibidi itafutwe upya, hasa kupitia kamati. Taratibu zinatofautiana, lakini kipimo ni kimoja. Je, jibu limeandikwa? Je, mwananchi anaweza kulisoma? Je, kuna anayelirudia mwaka unaofuata kuuliza ahadi ile imefikia wapi? Mali bila daftari hupotea bila habari, na ahadi za serikali ni hivyo hivyo.

Kwa ndugu zetu wanaoishi Uingereza, silaha hii iko karibu kuliko wanavyodhani. Mbunge wa eneo lako huwatumikia wakazi wote, si raia peke yao. Zaidi ya hapo, raia wa nchi za Jumuiya ya Madola kama Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda walio na kibali halali cha kuishi nchini humo wana haki ya kujiandikisha na kumpigia mbunge kura. Kwa hiyo ukimwandikia, si ombaomba unayebisha hodi, bali ni mpiga kura.

Ukimwandikia, usilalamike kwa ujumla. Ukisema "Wizara ya Mambo ya Ndani inatutesa na visa", utajibiwa kwa barua ya upole isiyo na kitu. Mwombe aulize jambo linalohesabika: ni maombi mangapi ya visa za familia kutoka Tanzania yaliyokaa zaidi ya miezi 6 bila uamuzi katika mwaka fulani, na mangapi yaliyokataliwa yalishinda rufaa. Swali la namna hiyo halijibiki kwa maneno matamu. Likijibiwa, una takwimu. Likikataliwa, umejua kwamba wizara haihesabu, na hilo nalo ni jibu. Maswali na majibu yote huwekwa kwenye tovuti ya Bunge, na tovuti ya TheyWorkForYou, iliyoanzishwa mwaka 2004, itakutumia barua pepe kila neno unalolifuatilia linapotajwa.

Msishangae jibu la kwanza likiwa baridi. Lihifadhini, kisha mwombeni mbunge wenu aulize tena.