Rada na Upepo Unaoanguka

Aliyesafiri na ndege anajua: mvua ikipiga karibu na uwanja, wote ndani wananyamaza. Juu ya nini? Kuna upepo moja mubaya sana. Mvua kubwa inapoza hewa, hewa ile inakuwa nzito, inaanguka kwa nguvu, inagonga udongo na kutawanyika pande zote.

Ndege inayotaka kutua inakutana kwanza na upepo wa mbele, inapanda. Piloti anapunguza nguvu ya mashini. Kumbe nyuma kidogo upepo unageuka, unasukuma toka mukia, na ndege inaanguka. Hivi njo ilianguka ndege moja kule Dallas, Marekani, tarehe 2 Agosti 1985. Watu 137 walikufa.

Vyombo vya zamani vilipiga kengele wakati ndege iko tayari ndani ya upepo. Tena si kila mara: kule Charlotte mwaka 1994 chombo kilinyamaza, watu 37 wakafa.

Kutafuta chombo cha kuona mbele, wataalamu wa NASA walichukua ndege ya Boeing 737 wakaingia kwa kusudi ndani ya pepo hizo, mwaka 1991 na 1992, kule Orlando na Denver. Walipima vyombo vitatu: rada, mwangaza wa laza, na chombo cha kupima joto. Laza ilishindwa kupenya mvua nyingi. Rada ilifanya vizuri, kwani inaona namna upepo unavyosukuma matone ya mvua. Walitaka piloti apate sekunde 10 mpaka 40 za kujiokoa. Mwaka 1994 rada ya namna ile ikapewa ruhusa kwa ndege za abiria.

Basi, hatari imekwisha? Hapana. Tarehe 4 Aprili 2011, ndege ya Umoja wa Mataifa ilianguka N'Djili, Kinshasa. Watu 32 walikufa, mumoja paka akapona. Uchunguzi ulitaja upepo wa namna hii, na tena ukasema marubani waliendelea na safari hata hali ya hewa ilikuwa mbaya kabisa.

Vijana wetu, chombo kizuri kinapimwa mahali penye hatari yenyewe, si juu ya karatasi tu. Lakini chombo kinaonya. Mutu njo anageuza ndege. Kwa hiyo, siku piloti anakataa kuruka juu ya mvua, tusimutukane. Tungojee.