"One" ya Kiingereza Si "Moja" Kila Mahali

Mtoto wa Nyambureti, wilayani Serengeti, akiisha kumaliza shule ya msingi aliyosomeshwa kwa Kiswahili, huingia sekondari na kukuta masomo karibu yote yakifundishwa kwa Kiingereza. Hapo ndipo neno alilolidhania jepesi kuliko yote, "one", linapoanza kumsumbua.

Kwanza, neno hilo ni hesabu: chungwa moja, mtu mmoja. Hapo hapana taabu.

Pili, husimama badala ya jina la kitu kilichokwisha kutajwa. Mwalimu akishika kitabu na kusema "this one", hahesabu; anasema "hiki". Sisi kazi hiyo tumeziachia ngeli: hiki, huyu, hili.

Tatu, huwa na maana ya mtu yeyote. "One must work" ni kusema kwamba mtu hana budi kufanya kazi. Mwanafunzi akifasiri "mmoja lazima afanye kazi", atakuwa amewaruhusu wengine wote wakae bure!

Nne, ni saa. Sisi huhesabu saa tangu macheo na machweo. Waingereza huanzia usiku wa manane na adhuhuri. Basi "one" yao ya mchana ni saa saba yetu, na saa moja yetu ya asubuhi ni "seven" yao. Tofauti ni saa sita kamili. Barua ya kumwita kijana kwenye usaili ikiandikwa "1.00 p.m.", naye akafika saa moja jioni, atakuta milango imefungwa.

Lakini penye hatari zaidi ni kwenye dawa. "Once" ni mara moja kwa hesabu. "At once" ni papo hapo. Kiswahili chetu husema "mara moja" kwa yote mawili. Mama akiambiwa, "Mpe mtoto dawa hii mara moja," je, ampe sasa hivi, au ampe mara moja tu kwa siku? Asione haya kuuliza kabla ya kuondoka dirishani: vidonge vingapi, mara ngapi, saa ngapi, kwa siku ngapi?

Wazazi wenzangu, tusiwafundishe watoto neno likiwa pweke. Tuwafundishe sentensi nzima, kwani maana ya neno huonekana katika kazi yake.